Dakika kutoka Barieri hadi Barieri

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili mtu asinidai ushujaa mbele ya safari. Mapafu ninayo na miguu ninayo. Hata wale vijana wa Goma wenye baiskeli za bei kali, wanaoshindana juu ya mawe meusi ya volkano, wengi wao wanaujua mgongo wangu kuliko uso wangu. Lakini moyo nilionao ni wa kuku. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na mimi nimeishi kwa neno hilo bila haya.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, ndiye aliyenitania zaidi kwa woga huo, na ndiye aliyeniingiza katika kazi. "Weye unafanyaka mazoezi ya mbio ya nini?" alikuwa akiniuliza. "Huku kwetu bantu banakimbiaka bila mazoezi."

Kazi yetu ni kupeleka vitu vya watu kwa kinga, ndivyo tunavyoiita baiskeli. Tunakaa Burungu, na asubuhi tunapanda kwenda Kitchanga kuchukua mizigo: barua za parokia, dawa za vituo vya afya, betri za simu, karatasi za mitihani. Pikipiki zilipoanza kunyang'anywa njiani, watu waligundua kwamba kinga haitamaniwi sana na tena inapita vijia vya ng'ombe. Wakaanza kutuita posta. Mara nyingi tunaishia Mweso. Mara moja moja tunakwenda siku mbili, hadi pale milima ya Masisi inapoteremka na msitu wa Walikale unaanza.

Nikisema niliizoea njia hiyo nitakuwa mwongo. Barieri ni kamba au mti uliolazwa barabarani, na pembeni yake watu wenye bunduki. Leo ni hawa, mwezi ujao ni wengine, na kamba ni ile ile. Sheria yake haijaandikwa popote na kila mtoto anaijua: unashuka kabla hujafika, unavua kofia, unasukuma kinga kwa miguu, na husemi mpaka usemeshwe. Nilivuka barieri nyingi kwa wiki, na kila moja niliivuka nikiwa na hofu mpya kabisa.

Mashindano yaliniingia kwa sababu ya fundi mmoja wa baiskeli wa Goma, mshindani wa zamani, ambaye nilimpelekea barua, na siku nyingine akaniona nikipanda mlima wa Sake na mzigo mgongoni. Aliniita, akanipima mapigo ya moyo kwa vidole viwili shingoni, akaniambia nirudi. Tangu siku hiyo akawa kocha wangu. Nilikuwa nikipata nafasi ya kuteremka Goma labda mara moja kwa mwezi, nikipita Mubambiro kwenye kambi ya askari nikiwa nimeinamisha kichwa, na kocha alinipa mafundisho ya mwezi mzima kwa saa mbili.

Mafundisho yake hayakujua nchi yetu. Alinipa kofia ngumu, maana bila hiyo hakuna anayeruhusiwa kushindana. Siku ya kwanza nilipoivaa juu ya Burungu, akina mama waliokuwa wakipalilia maharage waliona kichwa cha kijani kama cha askari kinapita nyuma ya ua wa miti, wakaacha majembe wakakimbia. Nikawa napiga kelele, "Mama, ni miye! Ni posta!" na wao wanazidi kukimbia. Jioni nilikwenda kuomba msamaha nyumba kwa nyumba. Kofia nikaitia ndani ya gunia, nikawa naibeba kama mzigo mwingine wowote.

Lakini fundisho lake kubwa lilikuwa daftari. "Gawa barabara vipande," alisema. "Kipande kimoja unakufa, kimoja unapumzika. Andika dakika. Bila daftari hakuna mazoezi, kuna kuchoka tu." Sasa barabara ya kwetu utaigawa kwa nini? Mawe ya kilomita yalikwisha kung'olewa zamani. Kitu pekee kilichokuwa kikinisimamisha mahali pale pale kila siku kilikuwa barieri. Nikaanza hapo. Kutoka barieri ya kwanza hadi ya pili nakanyaga kwa nguvu zote, nashuka, nasukuma, nachukua pumzi, na ya tatu naiendea polepole. Niliandika yote kwa mwandiko safi niliofundishwa na masista: namba ya barieri, dakika, mlima, na maneno machache ya kujikumbusha, kama vile "daraja bovu, pita kulia" au "kijia kinazunguka hapa." Niliyaandika kwa furaha. Sikuwaza hata siku moja kwamba daftari hilo lingesomwa na mtu mwingine asiye kocha.

Mlima mmoja niliupenda kuliko yote. Upo kule msitu unapoanza, kutoka daraja la mbao hadi barieri ya juu. Siku moja barieri hiyo ilikuwa haina watu, kamba tu, na shemeji akakubali kukaa juu na saa yake. Niliteremka hadi darajani na kupanda tena bila mzigo. Dakika kumi na sita, kwenda na kurudi. Shemeji alinionyesha saa, akatikisa kichwa, akasema dada yangu alizaliwa tumbo moja na mbuzi. Nikaandika kumi na sita na kuipigia mstari.

Zilikuwa zimebaki wiki tatu nishindane Goma tulipopewa tena safari ya huko: barua za parokia na boksi la dawa. Dada alitufungia chakula kama afanyavyo siku zote, chikwange, ule mkate wa muhogo, na kipande cha jibini ndani ya kitambaa kimoja kwa watu wawili. Hajawahi kufunga viwili. "Mutakula pamoja ao hamutakula," ndivyo asemavyo, kisha anakitundika kwenye usukani wangu kwa sababu mimi ndiye ninayetangulia na ndiye mwenye njaa. Tulilala parokiani, na siku ya pili, kabla ya saa sita mchana, tukafika kwenye barieri yangu ya juu. Safari hii ilikuwa na watu.

Tulishuka, tukavua kofia, tukasukuma. Walifungua barua na kuzifunga tena. Walitikisa boksi la dawa. Kisha mmoja akanipapasa shati, akakuta daftari, akampelekea mkubwa wao. Huyo alikuwa mtu mfupi mwenye buti za mvua na saa kubwa, amekaa juu ya jeriken. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kabla hajainua macho, nilikuwa nimekwisha kujua namna daftari hilo linavyosomeka kwake.

"Njo nini hii?"

"Iko daftari ya mazoezi, shefu. Ya mashindano ya kinga."

"Toka barieri hii mpaka ile, dakika kumi na nane. Toka ile mpaka ingine, dakika ishirini na tatu. Daraja bovu, pita kulia." Alisoma bila haraka, mwalimu mbele ya darasa. "Ni nani alikutuma kupima barieri zetu?"

Nilitaja kocha, nilitaja Goma, nikafungua gunia nionyeshe kofia ngumu, na kofia ya kijani ilipotoka vijana wawili walisogea nyuma wakashika bunduki vizuri. Ningekuwa wao, nami nisingeniamini. Nilihisi mkojo wa moto ukinishuka pajani, na sikuona hata aibu. Shemeji ndiye aliyesema, kwa sauti ile ile anayosalimia nayo watu njiani.

"Shefu, huyu mutoto ni mujinga. Anapenda kinga kuliko bibi. Mupime tu."

Mkubwa akatazama ukurasa, akaweka kidole juu ya mstari wangu. "Umeandika hapa: daraja, kwenda na kurudia, dakika kumi na sita. Uende. Ulete maji ya mutoni katika ile chupa yako, nijue umefika. Ukipitisha muda, huyu mwenzako njo atajibu."

Walimvua shemeji viatu na mkanda, wakamketisha chini karibu na kamba. Mizigo walininyang'anya, kitambaa cha chakula tu kilibaki pale usukanini, hakuna aliyekijali. Nilipokuwa napanda kinga shemeji aliniita. "Usikanyage sawa muntu anafukuzwa," alisema. "Kanyaga sawa siku ile nilishika saa."

Sikumbuki mteremko. Nakumbuka daraja, na maji ya kahawia yaliyokataa kuingia kwenye chupa kwa sababu nilikuwa nimeizamisha kichwa chini. Niliijaza, nikaifunga, nikainua kichwa. Upande wa pili wa daraja barabara ilikuwa nyeupe na tupu. Ilikuwa ile tuliyojia asubuhi, na hadi kijiji kilichofuata haikuwa na barieri hata moja. Kesho yake kabla jua halijazama ningekuwa Burungu.

Haya sasa nayaandika kwa sababu sijamwambia mtu. Nilivuka daraja. Nilipanda kinga kwa utaratibu kabisa, mguu wa kulia kwanza, nikaelekea nyumbani. Nilijiambia kwamba watamwachia, mtu mzima mwenye watoto. Nilijiambia kwamba nikirudi watatuua wote wawili, na heri abaki mmoja wa kupeleka habari. Woga una akili nyingi, hoja hauzikosi. Methali yangu ile haisemi kilio kitakwenda kwa nani mwoga akimwacha shemeji yake.

Barabara ina shimo baada ya daraja. Niliandika hata kwenye daftari. Gurudumu liliingia shimoni, na kitambaa cha dada kikayumba kikanigonga goti. Nikakitazama. Dada alikuwa amekifunga mafundo mawili kama kawaida yake. Niliona mlango wake, na mimi nimesimama pale na kitambaa ambacho hakijafunguliwa. Nikageuza kinga pale pale nikilia kwa sauti, nikavuka tena daraja, nikaanza kupanda.

Nimeshindana mara kadhaa tangu siku hiyo, na sijawahi kupanda vile. Nilitapika njiani bila kusimama. Kila kona nilisikiliza kama nitasikia risasi, na kwa kuwa sikuisikia niliogopa kwamba ilikwisha pigwa nilipokuwa mtoni. Nilipotokea juu nilitafuta miguu ya shemeji kwanza. Ilikuwa pale, peku, na vidole vyake vilikuwa vikichezacheza.

Mkubwa alipokea chupa, akaifungua, akamimina maji kidogo chini. Akatazama saa yake kwa muda mrefu.

"Dakika kumi na saba na nusu," akasema.

Nilipiga magoti. Nikaanza kumwomba, sijui kwa maneno gani, najua nilimwita Papa. Yeye akacheka. Alicheka kweli, hata wale vijana wakaanza kucheka pia.

"Mupelelezi hawezi kudanganya muda, bakubwa bake batamuua," alisema. "Ila bantu ba mashindano, bote bako bongo, banadanganyaka. Umejiandikia mbio ambayo hauko nayo." Akalirarua daftari langu vipande viwili, akalitupa kwenye moto walipokuwa wakichoma mahindi. "Muende. Na ile kofia, sitaki kuiona tena huku."

Waliturudishia mizigo, na shemeji viatu vyake na mkanda, tukasukuma kinga hadi kamba ilipopotea nyuma yetu, kisha tukakanyaga hadi kituo cha afya, tukakabidhi dawa, tukasainiwa. Nyuma ya kituo kuna gogo, tukakaa. Mikono yangu haikuweza kufungua mafundo ya dada, shemeji akayafungua. Alikata chikwange katikati kwa kisu, akakata na jibini, akapanga vipande viwili viwili juu ya kitambaa.

"Ile daftari haikudanganya," alisema, bila kunitazama. "Siku ile miye njo nilishika saa. Na leo ulikuwa unaogopa, ulipaswa kufika hata mbele ya ile muda."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kusema kwamba chupa ilikataa kujaa, na nusu yake ingekuwa kweli. Yeye alinyanyua mkono kidogo, kama mtu anayefukuza nzi kwenye chakula, akanisogezea kitambaa hadi kikagusa goti langu.

"Kula," akasema. "Dada yako ataniuliza kama tulikula pamoja."