Foleni Yangu na Kilima Chake

Watu wa kompyuta wanasema foleni ni ugonjwa wa mji. Mimi nasema hawajawahi kuuza chai.

Niliishia darasa la tatu. Mengine yote nimefundishwa na barabara ya Tunduma, ile inayokwenda mpakani, ambako malori ya Zambia na Kongo husimama kusubiri kuvuka na dereva anaweza kushinda mchana kutwa hajasogea hata urefu wa lori lake. Dereva aliyesimama anasikia njaa. Anataka chai, mayai ya kuchemsha, vocha, maji ya kunawa uso, na mtu wa kumweleza kwamba mke wake hapokei simu. Lori linalopita mbio halinunui hata karanga. Kwa birika na ndoo ya mayai nilipata kibanda, kibanda kikazaa duka, na duka likajenga nyumba yenye vigae, karibu kabisa na lami. Hakuna aliyenishika mkono. Madereva wa Zambia wananiita batata, yaani baba, na ninaitika kwa sababu nimestahili.

Kwa hiyo binti yetu wa mwisho, anayefundisha shule kule Kamsamba, aliponiwekea kwenye simu mchezo wa kujenga mji, sikumuuliza mtu pa kuanzia. Unapewa ardhi tupu na sarafu kidogo. Nikachora barabara moja iliyonyooka toka upande huu hadi ule, maduka kulia na kushoto, nyumba nyuma ya maduka, basi. Malori yakaingia. Yakasimama. Nikafurahi.

Juu ya kila nyumba mchezo huo unaonyesha sura. Ikicheka, wakazi wameridhika. Ikinuna, wana shida. Zangu zote zilinuna. Mchezo wenyewe unachezwa mtandaoni na mtu anaweza kuutembelea mji wa mwenzake, basi binti akaingia kwangu akiwa hukohuko Kamsamba, kisha akapiga simu kunisomea makosa kama mwanafunzi wake. Nipanue barabara. Nijenge barabara ya mchepuo, malori yasipite katikati ya mji. Nikamuuliza ada yake ya chuo ilitoka kwenye mchepuo gani. Akacheka, akaniacha. Sura zinune zinavyotaka, nilijiambia. Wakazi wangu wananuna lakini hawahami, na mji usiohamwa ni mji mzuri.

Lakini mchezo hakuuleta kwa ajili yangu. Aliuleta kwa ajili ya mama yake, akamwekea na yeye kwenye simu yake.

Mke wangu alikuwa ameteleza kwenye vigae vyangu akavunjika nyonga. Walimfanyia upasuaji, wakamrudisha na fremu ya chuma ya kutembelea, wakasema aitumie kila siku, kidogo kidogo. Hakuitumia. Nilihamishia kitanda chake sebuleni, kwenye dirisha la barabarani, nikidhani malori yatamchangamsha kama yanavyonichangamsha mimi. Akaniomba nifunge pazia. Vumbi, akasema. Kesho yake nikafungua, akaomba tena. Alikula matonge machache, akasema asante, akageukia ukuta. Nilichokiogopa sikumwambia mtu: kwamba mwanamke huyu, aliyebeba ndoo za mayai pamoja nami tangu tukiwa hatuna hata kiti, ataishia kwenye kitanda hicho huku akinishukuru kwa kila kitu.

Simu ndiyo iliyomgeuza kutoka ukutani. Akaanza kujenga mji wake, jirani na wangu. Aliniuliza kama ni lazima pawe na barabara. Nikamwambia mji bila barabara ni shamba. Akapanda miti. Alipanda mistari ya miti mifupi kwenye mteremko wa kilima, katikati yake akachomeka mirefu, sarafu zikamwishia hata nyumba moja hajajenga. Nilicheka mpaka nikakohoa. Mtu gani anaanza mji kwa miti? Akasubiri sarafu zijikusanye, akajenga vijumba vilivyoachana mbali, akavifikishia kinjia cha udongo. Wakazi wake wasingejaza Coaster moja. Ila sura zao zilicheka, na hilo liliniudhi.

Jioni moja baada ya chakula nikaenda kuutembelea mji huo, mimi kwenye kiti, yeye kitandani, kila mtu na simu yake.

"Mama, mji wenyewe uko wapi?" nikamuuliza.

"Umeshaupita," akasema. "Wewe kitu kisichopiga honi hukioni."

Nikarudi nyuma kwa kidole. Juu kabisa ya kilima, juu ya ile mistari ya miti, palikuwa na nyumba moja ya bati jekundu. Hiyo peke yake ilikuwa imenuna. Nikamwuliza ni ya nani na ina shida gani.

"Yangu," akasema. "Imenuna kwa sababu haina mtu."

Hapo ndipo nilipoitambua ile miti. Mifupi ilikuwa mibuni, mirefu ilikuwa migomba. Lilikuwa shamba la marehemu baba yake huko Mbozi, mahali ambapo upepo ukiwa upande mzuri unasikia kengele ya misheni. Siku niliyokwenda kuposa nilipita katikati ya mistari hiyohiyo nikiwa na viatu vya kuazima.

"Nipeleke nyumbani, mzee wangu. Hapa nitapona mfupa tu."

"Kwani hapa ni wapi?" nikamjibu.

Akaniomba nimfunike miguu, akasema asante.

Sasa nieleweke. Kule wazazi wake wamekwisha kufa, nyumba anaikalia mdogo wake, mjane. Lakini kwetu mwanamume hakai ukweni. Mwanamume aliyejenga kwa mikono yake ndiyo kabisa. Niliwaza vicheko vya pale sokoni: mzee wa vigae kaenda kuhemea chakula kwa wakwe. Siku kadhaa nikazungumza naye habari za dawa na chai tu, na kwenye mchezo nikaongeza maduka.

Asubuhi moja nilikuwa nimemshika ageuke ili nibadilishe shuka. Uso wake ulikuwa karibu na wangu kuliko ulivyowahi kuwa kwa miaka. Haukununa. Haukuwa na kitu chochote. Nikakumbuka nilivyokuwa nikijisifu, wananuna lakini hawahami. Huyu naye hajahama, nikawaza. Hajahama kwa sababu hawezi kutembea.

Nikakodi gari la kiti cha kulala, nikampeleka. Shemeji yangu alitupokea vizuri, akaleta chai. Niliinywa nimesimama, mtu asije akasema nimekaa. Jioni hiyohiyo nikarudi Tunduma, nikalala upande wangu wa kitanda kama vile upande mwingine una mtu.

Mke wangu si mtu wa kuongea kwenye simu. Ila mchezo unawaruhusu majirani kutumiana mizigo, na kila asubuhi nilipokuwa nafungua duka nilikuta gunia la mahindi limetua mjini kwangu kutoka kwake. Nami nilikuwa namtumia lori la saruji, ambayo hakuihitaji. Gunia likifika, nilijua ameamka. Nilikuwa naliangalia kabla sijawasha jiko.

Kisha ikaja asubuhi ambayo halikufika. Nikachemsha chai, nikaangalia. Nikauza, nikaangalia. Nikapiga simu, ikaita mpaka ikachoka. Ya shemeji hivyohivyo. Nikafunga duka, na foleni ilikuwa imefika mlangoni kwangu. Dereva mmoja akauliza, batata, na chai je? Nikamwambia akanywe mbele.

Gari nililopanda halikufika mbali. Malori yalikuwa yamejibana pande zote mbili, wa kwenda na wa kurudi, tukakaa. Dereva akazima injini. Kijana muuza mayai akanigongea dirisha na kuniambia yapo ya moto, mzee. Nilimtazama kwa chuki, mimi, mtu niliyekula mayai hayo, nikavaa mayai hayo, nikasomesha kwa mayai hayo. Kwa mara ya kwanza maishani niliitamani ile barabara ya mchepuo ya binti yangu. Sijamwambia mpaka leo, na akisoma hapa, sawa.

Foleni ilipoachia, nilishukia Mlowo nikachukua bodaboda hadi shambani. Mlango ulikuwa wazi. Kitanda kimetandikwa, kitupu, simu yake iko juu ya mto na ya shemeji kando yake. Fremu haikuwepo. Nikazunguka nyuma ya nyumba. Kwenye udongo mwekundu niliona vishimo vidogo vya duara, vinakwenda viwili viwili, vinaingia kwenye mibuni. Nikavifuata.

Alikuwa amekaa kwenye debe lililopinduliwa, kikapu kwenye mapaja, anachuma kahawa za matawi ya chini. Shemeji alikuwa mstari wa juu, akanisalimia bila kuacha kazi.

"Umekuja kuchuma au umekuja kusimama?" mke wangu akaniuliza.

Nikamwambia gunia halikufika.

Alinitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka gunia gani. "Nilisahau," akasema. "Nimetembea, mzee wangu. Toka mlangoni mpaka hapa."

Nikakaa chini. Nilikaa kwenye udongo wa ukweni, nikanyoosha miguu, nikavuta tawi karibu nikaanza kuchuma, na shemeji aliponiletea chai nikainywa nimekaa hivyohivyo.

Siku hizi duka nalifungua nikijisikia, na siku nyingine nyingi niko huku kilimani. Wacheke. Jioni hiyo ya kwanza tulikaa barazani na simu zetu, nikautembelea mji wake. Ile nyumba ya bati jekundu ilikuwa imeanza kucheka. Nikamwomba ruhusa nijenge pembeni ya kinjia chake mahali padogo pa malori kupumzika, na kibanda kimoja cha chai.

Akapitisha kidole kwenye kinjia chake, toka chini mpaka kwenye bati jekundu.

"Lori moja," akasema. "Na lisipige honi."