Simu Alizobatiza Honorine

Honorine Mushiya hajui kusema uongo, na hilo ndilo lililomponza. Mtu aliyezoea kudanganya angenusa uongo wa mwenzake kutoka mlangoni. Yeye aliuziwa mbuzi kwenye gunia, akalibeba gunia mwenyewe, akatugawia sisi wote huku anatabasamu. Ninaandika haya kwa hasira, na sehemu ya hasira hiyo ni juu yangu mimi. Nitafika huko.

Tulifanya kazi ofisi moja, meza zikitazamana, katika kampuni ya mabasi yanayobeba wafanyakazi wa migodi hapa Kolwezi. Jina la kampuni halina faida kwako. Mimi Safi nilishika redio na kupanga zamu za madereva. Honorine alikuwa fundi wetu wa kompyuta na simu, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mrefu, anayetembea haraka kama aliyeacha sufuria motoni. Amezaliwa Musonoi, amesoma Musonoi, na alipopata pesa akajenga Musonoi, mlango wa pili kutoka kwa mama yake. Baruti za mgodini zikimpasulia ukuta, anauziba kwa sementi Jumamosi, Jumapili anakwenda kanisani.

Mwaka jana, mwezi wa tano, kampuni ilinunua simu arobaini na saba, moja kwa kila mtu aliye chini ya wakuu. Mkuu wetu, Dimitri, akamwagiza Honorine aziingize zote katika mfumo mmoja wa kuzisimamia. Ukiwa na mfumo huo unakaa mbele ya kompyuta yako na kuamuru simu zote: unaifunga iliyoibwa, unapeleka ratiba mpya kwa madereva wote kwa mara moja, unamzuia mtu asicheze kamari kwenye simu ya kazi. Ukitaka, unaona pia kila simu iko wapi. Nani alikuwa anataka? Dimitri alisema hakuna. Alisema mahali pa simu pataonekana ikipotea tu, basi.

Kazi ile ilimchukua Honorine wiki tatu. Kila simu aliirudisha iwe kama imetoka dukani, akagusa kioo mara sita palepale mpaka kamera ikafunguka, akaielekeza kwenye ule mraba wa vidoti vyeusi kwenye kompyuta, kisha akasubiri. Kusubiri ndiyo ilikuwa kazi yenyewe. Mtandao unakatika, umeme unaondoka, jenereta inakohoa, simu inaanza tena kutoka mwanzo. Madereva walimcheka.

"Mama Pasta, leo unabatiza ngapi?"

"Leo nane. We muzambi, ya kwako nitazamisha mara mbili!"

Mmoja alikataa ubatizo. Tata Kalumba, mkubwa wa madereva wote, mtu wa Musumba kule Kapanga, alikuja Kolwezi akiwa kijana na alikuwa ameendesha mabasi miaka ishirini na tisa. Alibakiza mwaka mmoja na nusu apate pensheni. Alisimama mbele ya meza ya Honorine, kofia mkononi, simu mpya bado ndani ya boksi.

"Mama, mi hapana mwizi," akasema. "Lakini muntu anaangaliwa sawa vile ngombe? Hii kintu itaonyesha fasi mi naenda?"

"Hapana, tata. Chef Dimitri alisema itaonyesha tu kama telephone inapotea. Na code ya kuingia iko na mi peke yangu."

"Dimitri ni chef. Mi nauliza we."

Honorine akaacha alichokuwa anafanya, akamtazama usoni. "Mi nakupa neno yangu, tata. Hii kintu haitakuona. Kama inakuona, utakuya kuniuliza mi."

Mzee akafungua boksi. Waliokuwa wanasitasita nyuma yake wakaleta simu zao siku hiyo hiyo, kwa sababu kama Kalumba amekubali, wao ni nani? Honorine aliniita nione kwenye kompyuta jinsi alivyozima ile sehemu ya kuonyesha mahali. "Angalia, Safi, nimefunga." Nikaangalia, ilikuwa imefungwa. Simu za wakuu hazikuingizwa. Dimitri alisema wakuu wana siri za kampuni, nasi tukacheka kidogo tukaendelea na kazi.

Mwezi wa kumi, Jumanne asubuhi, mama yake Honorine alifariki.

Kwetu binti aliyefiwa na mama hukaa chini kwenye mkeka. Hapiki, hafagii, hagusi kazi yoyote. Watu ndio wanaomfanyia mambo yote, na wewe usiyeonekana kilioni umemwambia mwenzako kwamba siku yako utajizika mwenyewe. Nilikwenda Musonoi saa ile ile, nikakaa karibu naye. Mchana ule ule Dimitri alifika na bahasha ya ofisi. Kwa kweli alitupendeza. Alichuchumaa mpaka chini na suruali yake iliyopigwa pasi, akamshika Honorine mikono yote miwili.

"Pole sana, mama. Mambo ya kazi usifikiri hata kidogo. Unipe tu ile code, juu bachauffeurs basikusumbue na matelephone yabo."

Honorine akashukuru kwamba madereva hawatakuja kumsumbua na simu zao, akaniomba kalamu. Aliandika ile namba ya siri ya kuingilia mfumo nyuma ya karatasi ya nyimbo za mazishi. Mimi ndiye niliyeichukua karatasi ile na kuiweka mkononi mwa Dimitri, maana yeye hakuweza kuinuka. Dimitri alipoondoka, Honorine alifuta machozi akaniambia, "Umeona, Safi? Chef anajua kuchunga muntu."

Umdhaniaye ndiye, kumbe siye.

Alhamisi tulizika. Madereva kumi na mmoja walikuja moja kwa moja kutoka kushusha zamu ya mchana, wakapanga mabasi kando ya barabara, wakaingia na sare zao. Wangepata wapi muda wa kurudisha mabasi kwanza? Walibeba viti, walibeba maji, walilibeba jeneza. Tata Kalumba alizungumza kwa niaba yao, akamwita Honorine mtoto wake. Dimitri mwenyewe alikaa mbele na wakubwa, chini ya turubai, akala chakula cha kilio kama sisi wote. Saa tisa na nusu madereva waliaga wakarudi kazini.

Wiki tatu baadaye Honorine alikuwa amekwisha rudi ofisini, kichwa kimenyolewa. Tuliitwa wote uani asubuhi. Dimitri alibandika ukutani ramani ya Musonoi yenye vidoti kumi na moja vilivyosongamana, na chini yake majina kumi na moja. Simu kumi na moja mahali pamoja, Alhamisi, kuanzia saa nane hadi saa tisa na nusu mchana, mabasi yamesimama, bila ruhusa ya maandishi. Na kila mtu anajua, akasema, mazutu, dizeli ya mabasi, inauzwa Musonoi kwa wachimbaji. Wote kumi na mmoja wanafukuzwa kwa kosa kubwa, bila malipo yoyote ya mwisho. Baadaye tulikuja kusikia kwamba mgodi mmoja ulikuwa umekata mkataba, na wakuu walioko Lubumbashi walitaka watu wapungue. Wakati ule tulisikia tu neno mazutu, na tukamwona Tata Kalumba amesimama mdomo wazi.

Chini kabisa ya karatasi palikuwa na mstari mdogo. Ulisema nani alifungua sehemu ya kuonyesha mahali, na lini: Honorine Mushiya, Jumatano, saa tatu asubuhi.

"Tunamushukuru Mama Honorine," Dimitri akasema mbele ya watu wote. "Bila kazi yake kampuni haingejua kitu."

Kilemba cha ukoka, akamvika hadharani. Nilimwona Honorine akisoma mstari ule mara mbili. Kisha sauti ikamtoka, si ya kilio, ya ghadhabu.

"Mercredi mi nilikuwa chini kwa mukeka! Chef, ile code nilikupa we, kwa kilio ya mama yangu! Na we ulikuwa pale siku ya kuzika, ulikula pale, uliona bantu balikuya kulia!"

"Système haisemake bongo, mama, haidanganye," Dimitri akajibu, polepole, kama anamhurumia.

"Safi alikuwa pale. Safi njo alikupa karatasi. Safi, sema!"

Uwanja wote ukanigeukia. Na Dimitri pia aliniangalia, akiwa bado ameshika orodha na kalamu. Mume wangu Amadi alikuwa na miezi minne nyumbani, lori lake limekufa injini, na mshahara wangu ndio uliokuwa unatulisha. Sisemi hivyo ili unihurumie. Nasema ili ujue bei yangu.

"Mi sikumbuke muzuri," nikasema.

Maneno matatu. Honorine hakunitukana. Laiti angenitukana, ningepata la kujibu. Alinitazama tu kama mtu anayetafuta mlango aliopitia asubuhi akakuta ni ukuta.

Tata Kalumba alikwenda mpaka kwake, akatoa simu mfukoni, akaiweka mkononi mwake kwa heshima, kwa mikono miwili.

"Uliniambia kama inaniona, nikuulize we. Nakuuliza."

"Tata, mi hapana. Mungu anaona, mi hapana."

Mzee akavaa kofia yake, akatoka getini kwa miguu, mtu aliyekuwa amepita pale na basi kwa miaka ishirini na tisa.

Siku hiyo hiyo Dimitri alimwamuru Honorine azifute simu zile kumi na moja zirudi tupu, zipewe watu wengine. Alikataa. Aliacha funguo na beji mezani, akaondoka, nami nikajifanya ninasikiliza redio. Mimi nilibaki na kazi.

Alihangaika, nisimnyime haki yake. Aliandika barua kwa mkaguzi wa kazi, akaipeleka kwa mkono, akarudi kuulizia kila Jumatatu. Alizunguka nyumba za madereva wote kumi na mmoja kuwaeleza habari ya mkeka na karatasi. Walimsikiliza, wakampa maji ya kunywa, wakamwuliza swali moja tu: shahidi yuko wapi? Mara mbili alikuja kwangu mtaa wa Manika. Mara zote mbili nilijifungia chumbani, nikasikia Amadi akimdanganya mlangoni kwamba nimesafiri. Mara ya pili alisema, "Umuambie sitamulaumu. Aseme tu kweli, juu ya Tata Kalumba." Usiku ule tulikula kila mtu akiangalia sahani yake.

Mwezi wa kwanza mwaka huu dada mkubwa wa Tata Kalumba, aliyekuwa ameletwa kutoka Musumba kwa matibabu, alifariki pale nyumbani kwa Kalumba. Nilikwenda. Nilijiambia nakwenda kwa heshima ya mzee. Nilikaa katikati ya wanawake, na watu walinisalimia vizuri kabisa, mke wa Kalumba akanisogezea mkeka. Madereva wote waliofukuzwa walikuwepo, upande wa wanaume.

Honorine alifika yapata saa tano, mfuko wa unga kichwani, kitenge kimefungwa kiunoni. Wimbo haukukatika lakini ulipungua. Kilioni hakuna anayefukuzwa. Hata anayesemwa mchawi hupewa kiti. Tata Kalumba mwenyewe aliinuka, akampokea unga, akamshukuru, akamvutia kiti cha plastiki. Nikapumua. Nikafikiri labda imekwisha, labda watu hawa wana moyo kunishinda.

"Ikala, mama," mzee akasema. "Lakini ile telephone, tafazali, ibakie inje ya lupango."

Honorine akaitazama simu iliyokuwa mkononi mwake, ndogo, kioo kimepasuka pembeni. "Tata, hii ni ya mi mwenyewe. Haina kitu ndani. Haione muntu."

"Na ile ingine ulisema haione."

Hakupandisha sauti. Alisimama pale na kiti akiwa bado amekishika, kwa sababu kiti kilikuwa chake Honorine na hakuna aliyemnyima. Honorine akageuka kutafuta mtu wa kumshikia simu. Macho yake yakapita kwa wanawake mmoja mmoja, na kila mmoja akawa na kitu cha kurekebisha kwenye kitenge chake. Yalipofika kwangu hayakusimama hata kidogo. Akatoka mpaka barabarani. Alisimama nje ya ua, juani, kila mtu akimwona, na kutoka kule akaanza kuimba nasi wimbo tuliokuwa tunaimba.

Simu yangu ilikuwa mapajani, ile ya kampuni, iliyobatizwa na Honorine, imewashwa. Mara mbili niliiinua kutazama saa, na watu waliona. Hakuna aliyeniambia niitoe nje.