Shangazi Alipoanza Kuketi

Nilipokuwa kidato cha pili, mwishoni mwa miaka ya themanini, nilirudi nyumbani likizo nikiwa nimekonda hadi sketi ya shule naishikiza kwa pini. Wasichana wa bwenini walikuwa wameucheka unene wangu. Niliacha chakula cha jioni, kisha cha mchana, na mwishowe nikaona fahari kulala na njaa. Mama alidhani ni malaria. Dawa zilipokosa kusaidia, shangazi yangu, aliyeuza samaki soko la Kombewa, alinipeleka hospitali.

Huko tulimkuta muuguzi wa lishe, mama wa makamo asiye na haraka. Alinipima uzito nikiwa nimeipa mizani mgongo, akaandika bila kunionyesha. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa.

"Sikuulizi kwa nini huli," akasema. "Nakuuliza leo unaweza kumeza nini."

Nilifikiri, nikamwambia uji, nusu kikombe. Akakubali, kisha akamgeukia shangazi.

"Na wewe, mama, utakunywa naye. Asile peke yake, na usimhesabie matonge."

Shangazi alizoea kula amesimama, mkono mmoja ukifukuza nzi. Tangu siku hiyo alifunika samaki kwa gunia mara tatu kwa siku, akaketi nami nyuma ya meza yake pale sokoni. Alinisimulia vituko vya wateja. Habari za chakula hakuzigusa. Kila wiki muuguzi aliongeza kitu kimoja tu: ndizi, kisha karanga za kusaga ndani ya uji, kisha ugali kidogo kwa omena, wale dagaa wa ziwani. Siku ya omena nililia mbele ya sahani. Shangazi alingoja, chakula chake kikapoa pamoja na changu, ndipo tukala.

Ilichukua miezi, na bwenini sikurudi. Asubuhi moja harufu ya samaki wa kukaanga ilinipata nikifagia, nikahisi njaa ya kweli, nikaomba mkia mzima. Shangazi alinipa, akajifanya anatafuta chumvi ili nisimwone machozi.

Yeye naye alinenepa. Alipeleka magauni yake kwa fundi yapanuliwe, akamlalamikia muuguzi kwamba dawa ya mgonjwa imemwingia yeye. Muuguzi alimjibu kwamba amependeza, na kweli alikuwa amependeza.

Mwaka uliofuata nilijiunga na shule ya kutwa karibu na soko. Saa ya chakula cha mchana nilivuka barabara, nikaketi nyuma ya ile meza, tukala.