Nilivyofaulu Kipimo cha Shemeji

Siku ile nilipimwa nguvu za mkono mara mbili, na mara ya pili sikuwa mimi.

Tulieni niwasimulie.

Nabeba saruji kwenye ghala moja. Shemeji yangu, mume wa dada, ndiye aliyeniingiza pale. Watu walimwita Winchi. Mfuko wa kilo hamsini alikuwa anautupia shingoni kama taulo.

Asubuhi moja tukamkuta nesi mgeni ofisini na kidude cha chuma chenye mshale. Unakiminya kwa nguvu zako zote, mshale unapanda, yeye anaandika. Foleni nzima minong'ono: asiyefika thelathini hana kazi.

Winchi akanivuta nyuma ya mifuko. Uso umemshuka.

"Shemeji, huu mkono hauna kitu. Wiki ya tatu sasa, hata vifungo vya shati ananifungia dada yako."

"Acha utani."

"Nina watoto wanne, nitanie nini? Nipimie wewe. Yule nesi hatujui sura."

Nikasita. Nikamfikiria dada. Basi nilipomaliza kupimwa kwa jina langu nikavaa kofia yake, na jina lake lilipoitwa nikaitika. Nesi hata hakuinua macho.

"Arobaini na sita. Safi sana. Anayefuata!"

Jioni tulicheka mpaka machozi. Nilijiona bonge la mjanja.

Siku ya nne tangazo likabandikwa getini. Wawili waliopata chini ya thelathini wamepelekwa hospitali, kampuni inalipa, wakirudi watapewa kazi nyepesi kwa mshahara uleule.

"Twende tukaseme ukweli," nikamwambia.

"Tukisema, tunafukuzwa wote wawili kwa udanganyifu."

Nikarudi kubeba mifuko. Niliogopa, sina la kujitetea.

Miezi mitano baadaye Winchi alianguka na mfuko begani. Hakuinuka tena.

Daktari alisema mishipa ya fahamu ya shingoni ilibanwa muda mrefu. "Mkono ndio huanza kulegea. Angekuja mapema tungemsaidia. Sasa hata tukimpasua, hatatembea."

Dada akatoa karatasi ya kazini kwenye pochi. "Lakini alipimwa, daktari. Arobaini na sita, hii hapa."

Daktari akaisoma, akatikisa kichwa.

Dada akanigeukia. "Mdogo wangu, si ulikuwepo? Si alipima?"

"Alipima, dada."

Mpaka leo anamlisha kwa kijiko, na kila nikienda ananishukuru kwa kutowatupa. Sijamwambia. Sidhani kama nitaweza.

Ndugu zangu, ukimsaidia mtu kuficha ugonjwa, uliyemsaidia ni ugonjwa.