Mashinisti wa Isipingo

Kwao Kongo, mtu anayeendesha treni anaitwa mashinisti, na Athanase alikuwa mashinisti wa treni ya mizigo tangu ndevu zilipoanza kumwota mpaka vita ilipomtoa. Hakuwa wa treni ya abiria. Hao wa abiria, alisema, wanavaa shati jeupe na kupungiwa mkono na maharusi. Yeye alivuta shaba, saruji na mahindi, na waliompungia mkono walikuwa watoto wa porini. Lakini alipopita mitaa ya Likasi na taa yake ya mkononi, watu walimsalimu kwa jina la kazi yake, wakasahau lile la ubatizo.

Mwaka wa tisini na nane alikuwa Durban, amevaa kizibao cha rangi ya chungwa, analinda magari ya watu mbele ya maduka ya Greyville, karibu na uwanja wa mbio za farasi. Mwenye gari akirudi, Athanase anamwongoza kwa mkono: rudi, rudi, kata, simama. Wengine walimshukuru. Wengine walipandisha kioo.

Mkewe, Marcelline, alisuka nywele Warwick Junction, kiti chake kando ya cha Huguette, mwanamke wa Bukavu. Huguette hakuwa mtu mbaya, ila mdomo wake haukuwa na mlango.

"Mama Carmel," angeuliza mbele ya wateja, "leo bwana yako iko analinda Toyota ao Mercedes?"

Marcelline alicheka pamoja na wengine na vidole vyake viliendelea kusuka. Jioni hakumwambia mumewe neno. Athanase aliyajua yote kwa sababu binti yao, Carmel, alikaa pale na mama yake baada ya shule, na mtoto hajui kufunika jambo.

Sasa, katika kanisa lao la Waswahili kulikuwa na mjane mmoja Mtanzania, Mama Verediana, mtu wa Bukoba, mpole, mwenye kupenda kumsaidia kila mtu. Kazi yake ilikuwa kupika chai na kufagia ofisi katika kiwanda kimoja huko Isipingo. Jumapili moja mchungaji akawaambia wanaotafuta kazi wasimame, kila mmoja ataje ufundi wake, waombewe. Athanase alisimama.

"Mimi ni mashinisti," alisema. "Maisha yangu yote ni mashini." Akaketi.

Moyo wa Mama Verediana ukaruka. Kwao Tanzania anayeendesha treni ni dereva wa treni, basi. Neno hili la mashinisti alikuwa amelikuta mahali pamoja tu hapa duniani, kwenye ubao wa lango la kiwanda chao: walitakiwa mashinisti, na upesi. Ibada ilipokwisha alimshika Athanase mkono.

"Ndugu yangu, kazi yako iko kwetu! Wanatafuta mashinisti."

"Isipingo? Na mashini ziko?"

"Ziko nyingi, baba. Zinanguruma kutwa mpaka masikio yanaziba."

"Reli je?"

"Reli si hiyo inapita nyuma ya kiwanda! Ukitema mate yanaiangukia."

Athanase alijishika kichwa kwa mikono miwili. Hakuuliza tena. Kama angeuliza swali moja zaidi, mambo yasingekuwa haya, lakini mtu mwenye kiu hamuulizi anayempa maji kayachota wapi. Wazee wa kanisa wakamwekea mikono. Marcelline alilia wazi wazi, akamnunulia kofia mpya, na kesho yake Huguette alihamisha kiti chake mwenyewe ili Marcelline akae upande usiopigwa na upepo.

"Kaa pale, Mama Mashinisti," alisema. "Sisi wa Toyota tutakaa huku."

Siku ya kuanza, Athanase alifika langoni kabla ya wote. Msimamizi, mama wa Kihindi ambaye wafanyakazi wote walimwita Aunty Saras, alimpokea vizuri na kumwongoza. Hawakwenda upande wa reli. Walipanda ngazi, wakaingia katika ukumbi mrefu uliojaa wanawake, kila mmoja ameinamia cherehani. Athanase alidhani wanapita tu, akavua kofia kuwasalimu. Aunty Saras akasimama kando ya kiti kitupu.

"Kaa, baba. Nionyeshe."

"Mimi ni mashinisti," Athanase alisema kwa Kiingereza chake kidogo.

"Ndiyo, mashinisti. Ndiyo maana nakwambia kaa."

Kumbe kwa watu wa Durban mashinisti ni mshonaji. Athanase hakulijua hilo bado. Alijua tu kwamba macho yote yako juu yake, na aibu ikamkalisha. Alikanyaga pedali taratibu, kama anavyoondoa treni nzito kituoni, kidogo kidogo, mabehewa yasishtuke. Cherehani ikanguruma, kitambaa kikamponyoka, sindano ikakatika na kuruka.

"Hawu, baba!" alisema dada wa Kizulu aliyekaa jirani, akalaza kichwa juu ya kazi yake kwa kicheko.

Wakati huo huo, dirishani, treni ya mizigo ilikuwa inapita polepole kuelekea kusini. Athanase aliinyooshea kidole, akajinyooshea kidole mwenyewe, na maneno yalipokataa kutoka akainua mkono akavuta honi hewani, mtu mzima, kofia mpya mkononi, na mdomo wake ukatoa sauti ya treni. Ukumbi mzima ukacheka. Mlangoni alisimama Mama Verediana na sinia la chai. Alilitua sinia chini sakafuni.

"Nimekuua, ndugu yangu," alisema.

"Hapana, mama. Ni neno tu."

Aunty Saras hakuwa na moyo wa jiwe. Alimpa kazi ya kukusanya vipande vya vitambaa chini ya meza, kuvikandamiza viwe marobota na kuyasukuma mpaka uwanja wa nyuma. Ni kazi safi mbele za Mungu, na kama Athanase angekwenda nyumbani siku ile akasimulia yote, wangecheka wote watatu mpaka chai ipoe. Lakini alipofika, Marcelline alikuwa amesimama mlangoni na uso wa furaha ambao hakuwa ameuona tangu Likasi.

"Papa Carmel! Treni imekwendaje?"

"Imekwenda vizuri," alisema Athanase.

Basi ndivyo ilivyoanza. Kila jioni alimsimulia kazi yake ya zamani na kuiita ya leo. Alimwambia jinsi anavyofika kabla ya jua na kupima mafuta na maji, jinsi anavyoshika mchanga kwa vidole kuona kama ni mkavu, maana reli ikilowa ni mchanga unaomwagwa mbele ya magurudumu ndio unaozuia kuteleza mlimani. Jinsi anavyotembea kutoka behewa la kwanza mpaka la mwisho, akisikiliza kama hewa ya breki inavuja, ssss, kama nyoka. Jinsi treni ya mizigo inavyosubiri kando saa na saa ipishe ya abiria, na msaidizi wake anachoma viazi karibu na injini. Jinsi treni iliyojaa isivyosimama pale unapotaka. Unaanza kuisimamisha ungali mbali, na moyo unasimama kabla yake. Hakudanganya juu ya kazi hata kidogo. Alidanganya juu ya siku tu.

Marcelline alisikiliza huku amekunja mikono kifuani, na wakati wa kusali alimshukuru Mungu kwa treni. Athanase alisema Amina kwa midomo bila sauti.

Uongo nao ulitaka kutunzwa. Kabla ya kupanda taksi ya kurudi, alisimama nyuma ya bomba pale stendi ya Isipingo akitoa nyuzi kwenye nywele. Kisha akaanza kumwomba fundi wa cherehani tone la mafuta, akajipaka mikononi, ili mkewe ayanuse. Siku ya kwanza alipofanya hivyo alitazama viganja vyake muda mrefu. Mikono ile ilikuwa imenuka mafuta miaka yote kwa haki.

Ijumaa moja Marcelline alimaliza wateja mapema. Alipika sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, na fufu, akavaa kitenge chake cha kanisani na kilemba, akapanda taksi ya Isipingo bila kumwambia mtu. Alitaka kumwona mumewe juu ya treni kwa macho yake.

Athanase alikuwa anasukuma robota uwanjani alipomwona mkewe kupitia uzio wa waya. Marcelline alikuwa amesimama juu ya kokoto, kando kabisa ya reli, chakula kimefungwa vizuri mkononi. Na treni ilikuwa inakuja kutoka upande wa mjini. Marcelline akainua mkono. Akasogea mbele. Akainua mikono yote miwili, na lile furushi juu. Honi ikalia fupi fupi, kali, bila kupumua, na dirishani ukatoka mkono wa mtu ukipepea kwa nguvu. Marcelline akapiga vigelegele.

Athanase alifungua mdomo amwite. Badala yake miguu ilimpeleka nyuma ya robota, akachuchumaa. Treni ikapita na upepo wake, behewa baada ya behewa. Ilipokwisha alichungulia. Mkewe alikuwa bado yu hai, anafuta machozi ya furaha kwa ncha ya kitenge. Ilikuwa ni kutembea tu mpaka kwenye uzio na kusema, Mama Carmel, niko hapa. Hakwenda. Alikaa na magoti kidevuni mpaka alipomwona anaondoka na furushi lake, na dada wa Kizulu akamwuliza kutoka mlangoni kama amepoteza kitu.

Jioni alimkuta Huguette chumbani kwao, amekaa kitandani, na Marcelline katikati ya chumba anaigiza yote.

"Amenipigia honi! Si moja, nyingi! Na mkono akanitolea, hivi!"

"Mimi wangu hata simu hanipigii," alisema Huguette, na wakacheka. "Papa Carmel, félicitations. Leo umetuheshimisha."

"Ijumaa ijayo tunaenda sisi wote," Marcelline alisema. "Na Carmel. Tunasimama pale pale, tena karibu zaidi, mpaka amwone mtoto wake."

Athanase alibaki mlangoni na kofia kichwani. Honi ile aliijua. Aliwahi kuipiga mwenyewe karibu na Tenke, kwa mama mmoja mwenye beseni la unga aliyedhani anasalimiwa. Mungu alimwokoa yule mama. Unga haukuokoka.

"Msiende," alisema.

"Kwa nini?"

"Ile honi si salamu. Ni ya kumfukuza mtu njiani. Na ule mkono ulikuwa unakwambia toka, toka. Ulisimama karibu sana, Marcelline."

"Wewe ndiye umepiga, halafu unanifukuza?"

"Si mimi niliyepiga."

Safari hii Huguette alinyanyuka, akasema anakwenda kuanua nguo zake, ingawa alikuwa hajafua, akapita pembeni ya Athanase na kufunga mlango polepole.

"Basi niliyempungia ni nani?" aliuliza Marcelline.

"Simjui. Ni bwana wa watu."

Kona ya mdomo wa Marcelline ilitaka kucheka, ikaacha. "Na wewe ulikuwa wapi?"

Akamwambia. Cherehani, sindano, neno lile, marobota, mafuta ya mikononi. Alisema yote akiitazama sakafu.

"Kwa hiyo uliniona."

"Nilikuona."

"Na chakula mkononi?"

"Nilikiona."

Marcelline alikaa pale alipokuwa amekaa Huguette. "Magari yako niliyabeba mbele ya Huguette na watu wake," alisema, "kila siku, na sikuanguka. Vitambaa ndivyo vingenishinda? Nimekuja na sombe, Athanase, ukajificha kama mimi ni polisi."

"Niliona haya."

"Haya ya nani? Yangu?"

Kusema hapana kungekuwa nusu tu ya kweli, maana alipochuchumaa pale alikuwa ameuonea haya hata uso wa mkewe wenye furaha.

Marcelline alifungua lile furushi lililokwenda Isipingo na kurudi, akaliweka mezani bila kupasha moto. Akamwita Carmel aliyekuwa pembeni na madaftari yake. Wakaketi. Siku zote Marcelline ndiye aliyeombea chakula. Leo alifumba macho tu.

"Omba wewe," alisema.

Athanase alivua kofia. "Baba," alisema, "asante kwa chakula hiki. Asante kwa kazi..." Mtoto alifumbua jicho moja akamtazama. "...kwa kazi ya vitambaa," alimalizia kwa kunong'ona.

"Mungu amesikia," alisema Marcelline. "Mimi bado."

Athanase akarudia kwa sauti. Marcelline akasema Amina, akaisogeza sahani kwa mumewe, na hakuinua uso.