Tawi la Mjomba na Ugomvi wa Mfuniko

Mjomba wangu aliitwa Mnara na kila mtu, hata mkewe. Kampuni yake ya simu iliposimamisha mnara nyuma ya duka la vyuma, yeye aliuzunguka kila asubuhi akiukagua, utadhani aliujenga kwa mikono yake. Hakupigilia hata msumari. Alikuwa msimamizi wa tawi tu, na tawi lenyewe lilikuwa chumba kimoja chenye kaunta, feni yenye kelele, kiti cha wateja kilichotoboka katikati, na mimi, mtoto wa dada yake, niliyekuwa nikisajili laini.

Kampuni yetu ilikuwa ya tatu kwa wingi wa wateja, na kampuni zenyewe zilikuwa tatu. Makao makuu hawakuchoka kutuletea mikakati. Mara tuvae kofia za njano. Mara tutabasamu kabla mteja hajafunga mlango. Mara tuwaite wateja "familia", mpaka mzee mmoja akaniuliza kama basi na chakula cha mchana kipo. Mchoro wa utendaji wetu ulibandikwa ukutani, na mstari wake ulikuwa umelala chali. Mwishowe makao makuu wakasema wazi: tawi lisipoamka, linafungwa. Mjomba hakuwa na kazi nyingine wala ujuzi mwingine. Aliacha kupiga miluzi asubuhi, na mimi nilimwonea huruma kwelikweli.

Ndipo ikaja habari ya mfuniko.

Bibi alipofariki, Mungu amrehemu, mjomba ndiye aliyegawa vyombo, ingawa alikuwa kitindamimba, kwa kuwa ndiye pekee aliyewahi kuhudhuria semina ya uongozi. Sufuria kubwa la bibi lilitakiwa na dada zake wote wawili, mama yangu na mama mkubwa. Mjomba akafikiri, akakuna kidevu, akatoa hukumu: mama mkubwa achukue sufuria, mama yangu achukue mfuniko. Alirudi nyumbani ameridhika kabisa na haki aliyoitenda.

Kabla jua halijazama dada hao walikuwa wameapa. "Sikanyagi kwako mpaka nizikwe!" alisema mama mkubwa. "Na mimi kwako hata moshi wa jikoni sitaunusa!" akajibu mama.

Lakini kiapo kilihusu miguu. Mdomo haukuapa. Jioni ileile mama mkubwa akapiga simu kumwambia mama kitu alichokisahau, mama naye akampigia kumjibu, na kuanzia hapo hawakukata tena.

Sasa, kupiga simu ndani ya mtandao wetu kulikuwa karibu na bure. Ukoo mzima ukagawanyika, huku watu wa sufuria, kule watu wa mfuniko, na kila upande ulitaka habari za moto moto. Binamu waliokuwa na laini za kampuni nyingine wakaja kusajili za kwetu. Wakaja wakwe, wakaja majirani wa wakwe. Kuna mama mmoja wa kwaya alikaa kwenye kile kiti kilichotoboka akaniambia, "Nipe laini ya huo mtandao wenye ugomvi."

Mstari wa ukutani ukainuka, ukapanda, mjomba akaongeza karatasi juu. Tawi letu likawa la kwanza katika kampuni nzima. Vita vya panzi, furaha ya kunguru, na kunguru wetu alikuwa amerudia miluzi.

Meneja wa mikakati akaja kutoka makao makuu, kijana mpole mwenye viatu vinavyolia. Alikagua kofia zetu za njano kwa heshima.

"Siri yenu ni nini hasa?" aliuliza.

"Huduma kwa wateja," alisema mjomba.

Mimi nilijitia kutafuta kalamu chini ya kaunta.

"Mkishika kiwango hiki robo ya mwaka inayokuja," yule kijana akasema, "wewe utakuwa mkuu wa eneo lote. Mkirudi kule mlikokuwa, samahani mzee, tunafunga."

Hapo ndipo mjomba alipoharibika. Watu walimfuata wakisema, wewe ndiye ndugu yao, wapatanishe. Yeye akawajibu, "Waacheni kwanza, robo haijaisha." Wahenga walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana shika kapu ukavune. Mjomba wangu alishika kapu siku ya kwanza.

Kisha jioni moja alikuja kwetu kuazima pasi, akaichukua sebuleni. Alimkuta mama uani, mfuniko umelala mapajani, simu sikioni, machozi yanamtoka. Hakuwa anagombana. Upande wa pili nao ulikuwa kimya, na hakuna aliyetaka kukata.

"Dada, una nini?" mjomba aliuliza.

"Nimemkumbuka dada," mama alisema. "Mambo ya kugombania yameniishia, Mnara. Na nikinyamaza nitafanya nini? Hatakuja."

Mjomba alisimama pale na pasi mkononi. Akaiweka chini, akauchukua mfuniko, akamshika mama mkono. Mama alipomkumbusha kiapo, mjomba alisema, "Nimegawa mimi, dhambi ni yangu. Twende." Walipita barabarani hivyohivyo, mama amevaa ndala za bafuni, na mama mkubwa akafungua mlango. Walikumbatiana huku mfuniko umebanwa katikati, na mjomba akalia kuliko wote wawili.

Baada ya hapo mama alishinda kwa dada yake kutwa. Simu zao zililala kwenye kabati. Ukoo ukakosa habari, binamu wakarudi walikotoka, na mama wa kwaya alikuja kuniuliza kama hakuna hata kaugomvi kadogo. Mstari ukashuka mpaka mjomba akaziondoa zile karatasi za juu. Yule meneja akapiga simu mwenyewe, kwa sauti ya masikitiko. Tawi litafungwa mwisho wa mwezi.

Siku tulipokuwa tukifunga vitu kwenye maboksi, dada hao wakaingia na sufuria la chakula, limefunikwa vizuri, kumletea mdogo wao. Wakaona kuta tupu. Ikabidi niwaambie kwamba tangu simu zao zilale tawi limekosa wateja, maana mjomba alikuwa ameinamia feni anajifanya anaifuta vumbi.

Mama mkubwa akaliweka sufuria juu ya kaunta.

"Kumbe ni wewe," mama mkubwa alimgeukia mama. "Nani alikutuma uje kwangu na ndala za bafuni?"

"Na wewe nani alikutuma unikumbatie?"

"Dada zangu, jamani," mjomba akasema, "msigombane kwa ajili yangu."

"Wewe nyamaza!" wakamjibu kwa pamoja.

Mama mkubwa aliunyanyua mfuniko kutoka kwenye sufuria, mvuke ukatoka, akamtia mama mkononi. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Chukua mfuniko wako," alisema. "Nenda kwako. Nakupigia."

Mama hakuwa amefika hata kona ya duka la vyuma simu yake ilipoanza kuita.