Maneno Aliyoyakataa Ambujam

Kwa miaka mingi watu wa Kochi, kusini mwa India, walimsikia Ambujam bila kumjua. Warembo wa sinema waliletwa kutoka kaskazini, hawajui hata neno moja la Kimalayalam, lugha ya huko, na yeye ndiye aliyewatilia sauti studioni. Alicheka kwa niaba yao, akalia, akabembeleza.

Siku moja binti yake, Devika, alirudi kutoka chuoni, akaisukuma sahani ya wali na mchuzi wa samaki.

"Una nini?"

"Wale vijana wa kituo cha basi, mama. Leo mmoja kanishika mkono. Wenzake wakaigiza, 'Nikikataa, nifuate!' Kwa sauti yako."

Maneno hayo Ambujam aliyasema kweli, kwenye filamu iliyojaza kumbi mwaka uliopita.

Kesho yake aliingia studioni hana usingizi. Kwenye skrini shujaa alimzaba mpenzi wake kofi. Msichana akashika shavu, akatabasamu. Ambujam alitakiwa aseme, "Sasa najua unanipenda." Taa nyekundu ya kurekodi ikawaka. Midomo ya msichana ikacheza. Ambujam kimya.

"Umepitwa, dada," alisema Saji, mwongozaji. "Tunarudia."

"Sijapitwa. Hayo siyasemi."

"Jamani! Ni sinema tu, dada."

"Binti yangu anachezewa sinema hiyo kituoni. Nipe nimwambie, 'Usiniguse tena.'"

"Huku anatabasamu? Watu watatucheka! Dada, ukitoka hapo, ujue waongozaji tunaongea."

Alitoka.

Nyumbani, mumewe Sreedharan alikuna kichwa. "Ungeyasema tu, hasira ukaja kuzimalizia hapa."

"Nimezimalizia hapa miaka yote."

Siku zikapita, simu yake haikulia kwa kazi. Ambujam akawa anaibeba mpaka jikoni, anaitazama kila mara asije akawa ameizima. Ilipolia hatimaye, alikuwa Lathika, mwenzake wa kazi, ananong'ona.

"Wameniita mimi, dada. Maneno yaleyale. Nifanyeje?"

Ambujam alitamani kumwambia kataa. Akamkumbuka mtoto mchanga wa Lathika. "Siwezi kukuamulia, mdogo wangu."

Lathika akakata simu, na Ambujam hakuthubutu kumpigia kuuliza alichoamua.

Filamu ilipotoka, alikwenda kuitazama na Devika. Kofi likaja. Akafumba macho, akasubiri.

Hapakusikika neno. Lathika alikuwa amekataa, na aliyeitwa baada yake pia. Saji akaacha muziki tu. Ila kofi lilibaki, na tabasamu lilibaki.

Ndipo mwanamke mmoja akapaza sauti gizani, "Mrudishie, mjinga wewe!" Wengine wakadakia. Wanaume wakawazomea. Devika akasimama juu ya kiti, anapiga kelele.

"Keti, wanaume watakuona!" Ambujam alimvuta sari, huku akiutazama mlango.

"Na wanione!"

Kazi za sinema hakupata tena mwaka ule. Akasoma matangazo ya sabuni redioni, na kila Devika alipochelewa kurudi, mama alisimama getini kumngoja.